Baba Yuko Hai, Ana Nguvu

Siku Tata alipoanguka nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto nje ya bweni, nikitumikia adhabu ya kuiga mwendo wa mwalimu mkuu. Kosa langu ni kwamba niliuiga vizuri mno. Yeye hutembea kama mwanamke aliyebeba mtungi kichwani, mtungi ambao hakuna mwingine anayeuona, na mimi niliongeza tu kwamba mtungi wenyewe unavuja. Kwa hiyo alipotuma mtu aniite ofisini, nilikwenda na uongo wangu tayari, nimeupiga pasi na kuukunja. Nikaingia. Akavua miwani, akasema, "Kwamboka, keti."

Katika shule yetu iliyoko upande wa Nyamira, hakuna msichana aliyewahi kuambiwa keti katika ofisi ile. Sisi husimama. Nikaketi, na kile kiti kikaniambia kila kitu kabla yake.

"Baba yako ni mgonjwa. Ni moyo. Amelazwa Kisii."

Na kwa kuwa mdomo wangu huanza safari kabla akili haijavaa viatu, nikasema, "Mwalimu, Tata hana moyo, ana cherehani."

Hakunipiga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Masika yamekuja na kurudi tangu siku ile, na ubaya wenyewe umepita. Naandika haya kwa ajili ya msichana au mvulana anayeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali na chupa ya uji mapajani, asiye na mtu wa kumwambia neno. Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Muulize daktari. Mimi katika mtihani wa bayolojia nilichora moyo, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini umechora kiazi?"

Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii mambo haya hayasemeki. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini heshima iliyochanganywa na aibu kama chai na maziwa. Huwezi tena kuvitenganisha. Binti aliyekua haingii chumba cha baba yake. Haketi kitandani pake, hautaji mwili wake, na hamtanii hata kidogo. Utani ni wa nyanya na wajukuu. Kwa hiyo mimi, mcheshi wa kidato kizima, kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye sikuwa nimewahi kumchekesha, naye ndiye niliyetaka zaidi acheke.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Namwita Tata kwa sababu kwa lugha yetu tata ndiye baba. Na neno "baba", ukilitamka kijijini kwetu, maana yake ni mama. Likumbuke hilo. Lilitungoja kwenye karatasi mwaka mzima, kama mwiba kwenye nyasi.

Tata ni fundi wa nguo sokoni Marani. Alianguka juu ya cherehani yake akishona sare za kwaya. Mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili, kwa hiyo aliyempeleka mjini ni nyanya yangu, Magokoro, mama yake Tata. Walikwenda kwa pikapu ya ndizi, Magokoro ameketi juu ya mikungu, kichwa cha mwanawe mapajani. Alikaa naye siku tatu akijibu maswali ya manesi kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho anajivunia kuliko mbuzi wake. Kisha shule zikafungwa, nami nikachukua zamu.

Nesi alinionyesha kitanda chenye mzee mmoja mdogo, mwenye shingo kama ya kuku. Nikamwambia amekosea. Hakuwa amekosea.

Sikujua niketi wapi. Kumtazama akiwa amelala ni kosa, kuondoka ni kosa kubwa zaidi. Mwishowe nikageuza kiti, nikampa mgongo. Tulikaa hivyo siku nzima, yeye akitazama ukuta mmoja, mimi mwingine. Nilihesabu mabaka ya rangi. Wagonjwa wengine walitembelewa na watu waliowashika mikono. Sisi tulikuwa kama watu wawili wanaongoja ofisi tofauti. Mchana mwanamke mmoja aliyekuja kumwona mumewe alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma bila kuniuliza jina, nikaila na machozi, na nakuambia hakuna chumvi nzuri kama hiyo.

Jioni nikasikia nyuma yangu: "Dada."

Ilikuwa sauti ya Tata, kwa Kiswahili.

"Dada, naomba maji."

Nilimpa maji. Nikajua ugonjwa umempanda kichwani. Hakuwahi hata siku moja kunisemesha kwa Kiswahili. Hicho kilikuwa cha wateja na wapita njia. Na sasa mimi ni dada. Amenisahau, nikajiambia. Bila shaka anawakumbuka wote, hata yule mteja wa Masimba ambaye hajachukua koti lake, mimi ndiye aliyenisahau.

Kesho yake akasema tena, akitazama ukuta wake. "Dada, tafadhali mwite yule kijana anayesafisha. Nahitaji kwenda haja. Na umwambie daktari miguu imevimba, na usiku napumua kama mtu anayekimbia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hawezi kumwambia binti yake maneno hayo, hata akifa hawezi. Lakini mgeni aliyekutana na mgeni mwenzake safarini anaweza kumwambia. Tata hakuwa amenisahau. Alikuwa amenifanya mgeni ili aweze kuniomba msaada.

"Sawa, mzee," nikajibu.

Tukaishi hivyo wiki tatu. Mzee, daktari amekataza chumvi. Dada, mwambie chakula bila chumvi ni adhabu. Mzee, kidonge hiki ni cha kuweka chini ya ulimi, usimeze. Kwa njia hiyo nilijua kila kitu kuhusu mwili wa baba yangu, na kwa njia hiyo hiyo nilimkosa baba. Sijui kama umewahi kuitwa dada, kwa adabu sana, na mtu uliyeota meno mikononi mwake. Ukiitwa hivyo, itika.

Siku ya kutoka daktari alimwambia asikanyage cherehani mpaka aruhusiwe, lakini atembee kila siku. "Pole pole. Autembeze moyo, kama unavyotembeza ndama aliyekuwa mgonjwa." Tata aliitikia kwa kichwa. Yeye ni mtu wa vipimo. Ukimwambia inchi mbili, hakati mbili na nusu.

Nyumbani alikuwa amekonda mpaka suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamtangulia chini. Akazibana. Baada ya mwezi akazibana tena. Vidole vyake havikuweza kutunga uzi, mdogo wangu akawa anamtungia. Wiki ya kwanza wageni walijaa uani na wimbo, na kuku, na maombi. Wiki ya tatu walikuja wawili. Mahindi yalipokuwa yanakauka hakuja mtu. Wateja walipeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine, si kwa ubaya, waliogopa kumchosha. Wengine waliogopa kitu kingine ambacho hawakukitaja. Tata akawa anakula peke yake, chungu chake bila chumvi, na kila asubuhi anatembea peke yake hadi kijito na kurudi. Katikati ya mteremko wa kijito pumzi ilikuwa inamwishia. Siku moja tukakuta mtu ameweka gogo pale pale pa kuishia pumzi, gogo lililochongwa juu likawa bapa, zuri la kuketi. Hakuna aliyesema ni lake. Tata alidhani ni la watu wa barabara.

Sasa nije kwenye bima.

Kabla ya kuugua, kulikuwa na wakala wa bima ya maisha aitwaye Bwana Wambua, Mkamba wa maneno mengi, suruali zake za bugaluu zikifagia vumbi la soko zima. Tata ndiye aliyekuwa akizirekebisha. Kila alipokuja alisema, "Fundi, jiandikishe," na Tata anasema, "Baada ya Krismasi." Krismasi tatu zikapita. Sasa Tata ndiye aliyemtumia ujumbe.

Na nikueleze kwa nini, maana hapa ndipo roho yake ilipokuwa imefungwa. Baba yake alikufa ghafla Tata akiwa darasa la nne. Wiki hiyo hiyo alitolewa shule akaenda kuchunga, na ule mfuko wake wa vitabu Magokoro aliuwekea mbegu za wimbi. Tata aliniambia mara moja tu, kwa Ekegusii, akiwa amenipa mgongo: "Wewe utamaliza shule hata nikiwa pale nyuma ya migomba." Nyuma ya migomba ndipo lilipo kaburi la babu. Bima ndiyo ingelipa ahadi hiyo yeye akiwa hayupo. Bila bima, moyo ukiruka tena, mfuko wangu nao ungewekewa mbegu. Baba mdogo, mdogo wake Tata, alikuwa ameshaanza kusema kwamba msichana mrefu kama mimi hakosi ng'ombe wa mahari.

Tukajaza fomu. Jibu likaja kutoka Nairobi: ombi limeahirishwa, mwaka upite tangu augue, kisha apimwe upya.

"Wameahirisha nini?" Magokoro akauliza. "Kifo?"

"Wanataka kuona kwanza kama atakufa," nikasema. "Asipokufa, watamkubali ili akifa walipe."

"Hao watu wana akili," Magokoro akasema kwa uchungu.

Yeye ndiye ninayeruhusiwa kutaniana naye. Tata alikuwa ng'ambo ya ukuta, na nadhani alisikia, kwa sababu alikohoa.

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Shuleni wasichana walisema, "Kwamboka, tuigie mwalimu mkuu," nikawaigia. Walicheka mpaka wakashikana. Mcheshi ana shida moja: akinyamaza, watu wanadhani anapanga mzaha mpya. Kila barua ya nyumbani niliifungulia chooni, ili kama ni mbaya niwe mahali pa kufaa. Hazikuwa mbaya. Zilisema Tata ametembea. Wakati wa mvua za vuli alikuwa anafika kijito na kurudi bila kuhitaji kuketi kwenye gogo, ila bado huketi, kwa heshima. Krismasi akaruhusiwa kukanyaga cherehani kwa nusu saa. Nilisikia ile tr-r-r-r kutoka barabarani nikaweka sanduku langu chini nikasimama mpaka ikaisha.

Likizo iliyofuata tulikwenda mjini kupimwa kwa ajili ya bima. Safari hii nilingoja kwenye benchi la nje, muda wa saa tano, kati ya mzee anayeumwa jino na mtoto mwenye surua. Kama utangoja, chukua sweta. Sakafu za hospitali zina baridi yake yenyewe. Tata akatoka na karatasi ndefu ambayo mashine imechora mapigo ya moyo wake. Aliitazama kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine, akaweka kidole mahali.

"Dada," akasema, "hapa mshono umeruka."

Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. Sikucheka. Nilijuta njia nzima.

Siku chache baadaye Bwana Wambua alikuja nyumbani na fomu mpya, sehemu ya daktari imeshajazwa, na nyingine zimenakiliwa kutoka kwenye kadi ya hospitali ya mwaka uliotangulia. Tuliketi uani. Magokoro alikuwa mlangoni akipepeta wimbi. Bwana Wambua alikuwa akipitisha kidole kwenye mistari, mara kidole kikasimama.

"Fundi! Kumbe ulinificha! Baba yako yuko hai?"

Tata akainua kichwa.

"Imeandikwa hapa. 'Baba mzazi: yuko hai, ana nguvu.' Fundi, hii ni dhahabu! Wale wa Nairobi, mgonjwa wa moyo akiwa na baba mzee mwenye nguvu, wanasema damu ya ukoo ni nzuri. Hii peke yake inaweza kukupitisha."

Tata akageuza macho kuelekea migombani. "Nani alisema baba yangu yuko hai?"

Magokoro akainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ni mimi. Yule nesi aliniuliza Kiswahili, nikamjibu Kiswahili. Aliuliza, 'Baba ya hii mgonjwa iko hai?' Nikashangaa, si niko mbele yake? Nikamwambia, iko hai sana! Akauliza tena, 'Iko na nguvu?' Nikamwambia, mtu ametoka Marani juu ya ndizi, na wewe unauliza nguvu?"

Kicheko kikanipasuka. Bwana Wambua alipoelezewa kwamba kwetu baba ni mama, aliangukia migomba. Mama alitoka ndani na mtoto mgongoni akicheka kabla ya kujua sababu. Ni Tata peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anatazama karatasi.

"Basi iacheni hivyo hivyo," Bwana Wambua akasema akijifuta macho. "Nesi aliuliza, mama akajibu, karatasi ikaandika. Hakuna aliyedanganya."

"Na hapa chini ni nini?"

"Hapo unatia sahihi kwamba yote ni kweli."

"Nikifa, wakagundua si kweli?"

"Hawalipi. Lakini nani atawaambia, fundi? Ng'ombe?"

Nikuambie ukweli, kwa sababu nimekuahidi msaada na si sifa. Nilitaka aache. Nilitaka sana. Lilikuwa kosa zuri, halina mwenyewe, limetushukia kama mvua. Babu angefufuka kwa karatasi tu, na mimi ningemaliza shule.

"Tukibadilisha," Bwana Wambua akasema kwa huzuni ya mtu anayeona kuku wake akitoroka, "lazima tuandike alikufa kwa nini. Alikufa kwa nini?"

"Ombati," akasema Magokoro, kama mtu anayesema malaria.

Mzee Ombati ndiye jirani yetu ng'ambo ya kijito. Mlima wetu wote ni ukoo mmoja, isipokuwa yeye. Alikuja kijana kutoka mbali, akapewa shamba, akabaki. Siku babu alipokufa, alikuwa ametoka kunywa pombe kwa Ombati. Hiyo ilitosha Ombati aitwe mchawi. Tangu wakati huo hakuna mtu wa kwetu aliyekunywa maji yake, na mimi nililelewa nikikatazwa kumwamkia. Mkewe alipokufa, walimzika yeye na wanawe watatu tu, kisha wanawe nao wakahamia mbali.

"Mama," Bwana Wambua akasema, "fomu haina nafasi ya Ombati."

Nami, kwa kuwa ni mjukuu na mjukuu anaruhusiwa kuuliza lolote, nikauliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kuliuliza. "Magokoro, ilianzaje? Si kabla, wala baada. Ilianzaje kwenye mwili?"

Akaweka ungo chini. "Alikuwa anapanda ule mteremko. Katikati akasimama. Jasho likamtoka kama amenyeshewa, na jua linawaka. Akasema mkono huu wa kushoto si wake. Nikamwuliza, unaumwa nini? Akasema ng'ombe amemkalia kifuani." Kisha akamgeukia Tata polepole, na Kiswahili chote kikamtoka, akasema kwa Ekegusii, "Hata wewe ulisema ng'ombe. Juu ya zile ndizi. Ulisema ng'ombe amenikalia."

Mkono wa kulia wa Tata ulikuwa umeushika wa kushoto. Sidhani alijua.

Kuku alikuja akala wimbi kwenye ungo, hakufukuzwa.

Tata akanisogezea kalamu. Mbele ya watu wote, uani kwake, akasema kwa Kiswahili, "Dada, andika. Baba mzazi amekufa. Ugonjwa: moyo."

Nilishika kalamu, sikuandika.

"Mzee," nikasema, "wakikataa?"

"Wakikataa nitatembea zaidi."

"Mzee, ni shule yangu."

"Ndiyo maana," akasema. "Nataka ikulipie karatasi isiyoogopa kusomwa. Andika."

Nikaandika. Mwandiko wangu mbaya kuliko yote ni ule.

Bwana Wambua alikunja uso, lakini hakutuacha. Akasema sasa anahitaji shahidi: mtu anayemjua mwombaji kwa zaidi ya miaka kumi, asiye ndugu wa damu wala wa ukoo. Tukatazamana. Katika mlima wetu mtu wa namna hiyo ni mmoja.

Tata akavaa koti. Tukateremka, yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi kama inavyotakiwa, Bwana Wambua nyuma yetu akiinua bugaluu zake zisishike matope. Tukavuka kijito. Sikuwa nimewahi kukivuka. Uani kwa Mzee Ombati kulikuwa na kisiki kipya cha mti mkubwa, na magogo mawili yaliyobaki, juu yamechongwa bapa. Tata alisimama mbele ya kisiki hicho muda mrefu.

Mzee Ombati alitoka akiwa ameinama, akasimama mbali, kama mtu aliyezoea mawe.

"Ombati," Tata akasema, "nimekuja kukuomba kidole."

Akaeleza. Mzee alisikiliza, akanitazama mimi niliyeshika fomu. "Mtoto huyu anajua kusoma? Anisomee ninachokitilia kidole."

Nikamsomea, nikifasiri kwa Ekegusii. Jina. Kazi. Nikafika kwenye ule mstari. "Baba wa mwombaji amekufa. Kwa ugonjwa wa moyo."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Yaani si mimi niliyemuua?"

"Si wewe," Tata akasema.

Mzee akaketi kwenye gogo lake. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma. "Miaka yote hiyo," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini."

Bwana Wambua aligeuka akatazama kijito. Tata akaketi kwenye lile gogo la pili. Hakusema samahani, sijui kama lugha yoyote ina neno la ukubwa ule. Alisema tu kwamba amechoka kidogo kwa mteremko, kama kuna maji angekunywa. Mzee akayaleta kwenye kibuyu, yakimwagika njiani. Tata akanywa yote, mpaka chini, sote tukiona. Kisha Mzee Ombati akabonyeza kidole chake cha gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi na kukishikilia pale, mpaka Bwana Wambua akamwambia, "Inatosha, mzee, kimeshika."

Magokoro hakukubali mara moja. Alisema moyo labda, lakini nani aliutuma? Ila wiki ya pili nilimwona akipeleka ndizi ng'ambo, akidai ni za kutupwa.

Jibu la Nairobi lilikuja wakati wa palizi. Wamemkubali. Mchango wake ni mkubwa kuliko wa mtu mzima wa afya, na atapimwa kila mwaka. Kwa hiyo sasa Tata anashona hata Jumapili, nusu saa, kisha anapumzika, kisha nusu saa. Bwana Wambua alituambia mapema wangeweza kukataa, na wengine hukataliwa. Nawe ukikataliwa, uliza tena baada ya mwaka. Lakini usiandike malaria pale palipo moyo.

Siku ya kurudi shule nilibeba sanduku kichwani kuelekea barabarani, kwa njia ile ile ya mteremko. Ilikuwa saa ya matembezi ya Tata. Akawa mbele, mimi nyuma hatua kumi, kama kawaida, ukungu haujainuka kwenye mashamba ya chai. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyokuwa peke yangu tena muhula mzima, nikichekesha watu. Pale kwenye gogo akasimama. Hakugeuka. Akangoja mpaka nikakaribia kuliko ninavyoruhusiwa, kisha akasema kwa Kiswahili, kama mtu aliyemkuta mtu njiani:

"Habari yako, dada. Unaelekea wapi na sanduku kubwa hivyo?"

Nikaanza kumwogopea, nikafikiri ni mwili tena, ni kidonge. Kisha nikaona mabega yake. Yalikuwa yanatikisika, kama ya mtu anayezuia kicheko.

"Naenda shule, mzee," nikasema. "Na wewe?"

"Mimi?" Tata akasema. "Natembeza moyo. Wenyewe umesema hauna haraka."